Umeme Katika Karakana za Reli, na Jinsi ya Kujikinga Nao

Mazungumzo kwa watu wa Nangina, Busia na Malaba



Msafiri atokaye Nangina kwenda Malaba huiacha milima ya Samia nyuma yake, hupita mji wa Busia na misururu ya malori yake, na mwishowe hufika mahali ambapo reli ya Kenya inakutana na reli ya Uganda. Reli hiyo ni ya zamani. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901; na baadaye njia ya kupitia Eldoret ilivuka mpaka hapo Malaba ikaendelea Tororo, hata Kampala ikafikiwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi magari yake yalivutwa kwa nguvu za mvuke, kisha kwa dizeli, na watu wa mpakani wamezoea mlio wake kama walivyozoea mlio wa jogoo.

Lakini sasa jambo jipya linakaribia. Tarehe 14 Oktoba 2024 Serikali ya Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki ili ijengwe reli mpya ya kilomita 272 kati ya Malaba na Kampala, nayo magari yake yataendeshwa kwa umeme. Tanzania ilikwisha kutangulia. Mwezi Juni 2024 gari la umeme la abiria lilianza safari zake kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi Julai mwaka huo huo likafika Dodoma. Ethiopia na Djibouti nazo zimeunganishwa kwa reli ya namna hiyo. Katika reli hizo waya ulioning'inia juu ya njia una nguvu ya volti 25,000. Umeme wa nyumbani, ambao watu wengi wa Busia huuita stima, una volti 240 tu. Basi waya wa reli una nguvu zaidi ya mara 100 ya ile iwashayo taa sebuleni.

Kwa hiyo yafaa watu wa sehemu hizi, na hasa vijana watakaotafuta kazi huko, wajue mapema jinsi nguvu hizo zinavyofungwa zisiue.

KARAKANA NDIPO PENYE HATARI

Mtu akiulizwa hatari ya reli ya umeme iko wapi, huenda akaonyesha njia kuu, ambako magari hupita kwa kasi. Hakosei, lakini hakupata lote. Katika njia kuu waya uko juu sana na mtu yuko chini, nao hawana sababu ya kukutana. Katika karakana mambo ni mengine. Huko magari huoshwa, hukaguliwa na hutengenezwa. Fundi hana budi kupanda juu ya paa la behewa ili atazame mkono wa chuma ugusao waya, avifute vikombe vya kauri, atengeneze mitambo ya kupoza hewa. Akisimama juu ya paa, kichwa chake kimefika pale ulipo waya. Ndiyo maana wahandisi huiweka karakana mbali na njia kuu katika mipango yao, wakaipa kanuni zake yenyewe.

Wala mtu asidhani kwamba karakana ya magari ya dizeli haina umeme. Katika magari mengi ya dizeli, injini haizungushi magurudumu yenyewe. Injini huzungusha jenereta kubwa, na jenereta hupeleka umeme kwenye mota zilizofungwa katika ekseli. Gari la dizeli basi ni kiwanda kidogo cha umeme kitembeacho juu ya reli, na fundi ayafungaye matumbo yake hushika nyaya zenye volti mamia kadha. Zaidi ya hayo karakana yenyewe ina winchi za kuinulia mabehewa, mashine za kuchomelea, pampu za maji na taa za mkononi, na sakafu yake mara nyingi ina maji na mafuta.

Watu wa Samia walijua kufua chuma tangu kabla ya reli kufika. Mhunzi hahitaji kuambiwa kuwa chuma ni cha moto, kwani hukiona kikiwa chekundu. Umeme hauna hisani hiyo. Chuma chenye umeme na chuma kisicho na umeme vina rangi moja, harufu moja na ukimya mmoja. Kwa sababu hiyo, katika karakana, macho na mazoea ya fundi hayatoshi. Lazima pawe na mpango uliowekwa tangu siku ya kwanza ya kuchora ramani, utakaomlinda hata siku aliyochoka, hata siku aliyosahau.

CHUMA CHOTE KIFUNGWE PAMOJA

Jambo la kwanza ni ardhi. Umeme hauendi mahali ukakaa; huondoka kwenye kituo chake na hurudi huko huko. Katika reli ya umeme njia yake ni hii: hupita katika waya wa juu, hushuka kwa mkono wa chuma hadi kwenye mitambo ya gari, hutoka kwa magurudumu, halafu hurudi kwa reli yenyewe. Njia hiyo ya kurudi ikikatika, kwa mfano reli ikifunguliwa bila kuunganishwa kwa waya mwingine, umeme hutafuta njia nyingine. Utapita katika bomba la maji, katika seng'enge, au katika miguu ya mtu.

Hivyo katika karakana iliyojengwa vema kila kitu cha chuma hufungwa pamoja kwa nyaya nene na kuunganishwa na ardhi: reli, nguzo, mabati ya paa, ngazi, mabomba, na ua wa nje. Vyuma vyote vikiwa vimeunganishwa, mtu akigusa viwili kwa mara moja hapati kitu, kwa kuwa vyote vina nguvu sawa. Kanuni za nchi za Ulaya, ambazo hufuatwa na wahandisi wengi wa reli, zimeweka kipimo. Mahali pa kawaida kwenye reli, nguvu inayoweza kumpata mtu agusaye chuma kwa muda mrefu isizidi volti 60. Katika karakana isizidi 25. Kipimo cha karakana ni kikali zaidi, maana msafiri hugusa chuma mara moja akaondoka, lakini fundi hukishika kutwa nzima, huku amepiga magoti na mikono ina jasho.

Kuna jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Udongo wenye maji hupitisha umeme vizuri, na udongo mkavu au wenye mawe huupitisha kwa shida. Fundi akipima fimbo zake za ardhini wakati wa masika atapata jibu la kupendeza. Yafaa apime tena wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa imepasuka, ndipo atakapojua ukweli.

WALINZI WA UMEME

Jambo la pili ni vifaa vya kukata umeme. Waya mmoja ukigusa mwingine, yaani ukipiga shoti, umeme mwingi mno hupita kwa ghafula, na nyaya zaweza kuyeyuka na kuwasha moto. Fyuzi na swichi za kujikata zenyewe huwekwa ili ziukate umeme huo kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Lakini haitoshi kuweka swichi nyingi, lazima zipangwe. Katika boma kubwa, ng'ombe mmoja akichafuka hufungwa mlango wa zizi lake, haufungwi mlango wa boma lote. Vivyo hivyo mashine moja ikipiga shoti, swichi iliyo karibu nayo ikatike kwanza, na ile kubwa isubiri. Kama swichi kubwa ikitangulia, karakana nzima huingia giza: winchi husimama ikiwa imeinua behewa, na mafundi hubaki wakipapasa penye mashimo. Kosa dogo limezaa hatari kubwa kwa sababu ya mpango mbaya.

Yuko mlinzi mwingine mdogo anayestahili kusifiwa. Ni kifaa kinachofanya kazi kama karani wa ghala ahesabuye magunia yanayotoka na yanayorudi. Hupima umeme unaokwenda kwenye mashine na umeme unaorudi. Hesabu zikiwa sawa, hunyamaza. Zikipungukiana kwa sehemu 30 tu katika 1,000 za ampea moja, hujua kwamba umeme umepotea njiani, labda katika mwili wa mtu, naye hukata mara moja. Taa ya zamani ya wati 60 hutumia takriban mara nane ya kiasi hicho. Kila taa ya mkononi na kila keekee ya umeme katika karakana yapasa kupita kwa karani huyo, na hata nyumba za watu zinafaa kuwa naye.

Hata hivyo karani huyo hawezi kumwokoa mtu aliyekaribia waya wa volti 25,000. Umeme wa nguvu hiyo haungoji kuguswa. Huweza kuruka hewani. Uingereza, kwa miaka mingi, wafanyakazi wa reli waliagizwa wasisogee chini ya futi 9, yaani mita 2.75, kutoka kwenye waya hai. Kwa waya wa namna hiyo dawa ni moja tu: mtu na umeme wasiwe mahali pamoja kwa wakati mmoja.

UFUNGUO MMOJA

Hapa ndipo penye hekima iliyo kubwa kuliko zote katika karakana za reli, nayo ni rahisi sana hata mtoto ataielewa. Ni ufunguo mmoja.

Juu ya jukwaa la kupandia paa za mabehewa kuna lango, nalo limefungwa kwa kufuli. Ufunguo wa kufuli hilo haukai mfukoni mwa mtu. Umekwama ndani ya swichi kubwa ya waya wa njia hiyo, wala hautoki maadamu waya una umeme. Msimamizi akitaka watu wapande, huikata swichi, kisha huuunganisha waya na ardhi. Hapo ndipo ufunguo hulegea ukatoka. Huuchukua akafungua lango. Na lango likiwa wazi, ufunguo hukwama tena, safari hii katika kufuli la lango. Basi maadamu lango li wazi, hakuna mtu, hata awe mkubwa namna gani, awezaye kuurudisha umeme, kwa sababu ufunguo hauko kwenye swichi. Ufunguo mmoja hauwezi kuwa mahali pawili.

Mpango huo haumtegemei mtu kukumbuka wala kuwa na moyo mwema. Mwenye haraka na mwenye subira, wote wawili hufuata njia moja. Hiyo ndiyo tofauti kati ya onyo lililoandikwa ukutani na ulinzi uliojengwa ndani ya chuma.

Pamoja na ufunguo huo, mafundi hufuata hatua tano, nazo hazibadilishwi mpangilio. Kwanza, kuukata umeme pande zote unakoweza kutokea. Pili, kuifunga swichi kwa kufuli, kila fundi akiweka kufuli lake na jina lake. Tatu, kupima kwa kifaa kuhakikisha kuwa umeme umetoka kweli. Taa ya kijani peke yake si ushahidi, kwani taa huharibika. Nne, kuuunganisha waya na ardhi, kwa kuwa waya uliokatwa ukiwa karibu na waya hai huweza kupata umeme tena bila kuguswa. Tano, kuzungushia mahali hapo alama au vizuizi, ili mtu asipotee akaingia njia ya pili ambayo bado ina umeme. Kazi huanza baada ya hatua ya tano, wala si kabla.

Mwenye kuchora mpango naye ana wajibu wake. Kila njia ya karakana ipewe swichi yake peke yake. Kama njia sita zimefungwa kwa swichi moja, kuikata kwa ajili ya behewa moja ni kusimamisha kazi yote, na siku ya haraka msimamizi atashawishika kusema, "Panda tu, ni dakika mbili." Vifo vingi vimo ndani ya dakika hizo mbili. Tena patengwe mahali ambapo waya wa karakana unaachana na waya wa njia kuu, na dereva akatazwe kusimamisha gari hapo, kwa maana mkono wa chuma wa gari ukigusa sehemu zote mbili huvusha umeme kutoka upande ulio hai hadi upande ambao watu wanafanya kazi.

NGURUMO ZA TORORO

Sehemu hizi zina adui mwingine atokaye mbinguni. Nchi zilizozunguka Ziwa Victoria zina radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Tororo, iliyo karibu kabisa na Malaba, ilihesabiwa kati ya mwaka 1967 na 1976 kuwa na siku za ngurumo 251 kwa mwaka kwa wastani. Radi ikipiga waya wa reli, nguvu yake hukimbia kwenye waya hadi karakana, ikavunja vikombe vya kauri na kuunguza mitambo. Kwa hiyo huwekwa vifaa vya kupokea nguvu hiyo na kuitupa ardhini kabla haijaingia ndani. Karakana iliyochorwa kwa ajili ya nchi ya baridi isiyo na radi nyingi haitafaa Malaba bila kubadilishwa. Mchoro mzuri hujua unakaa nchi gani.

JENERETA ISIYO NA MLANGO

Umeme wa nje unaweza kukatika, nayo karakana haiwezi kukaa gizani. Lazima ziwepo betri kwa ajili ya ishara na taa za kutokea, na jenereta kwa ajili ya pampu na mashine za lazima. Lakini hapa pana hatari ambayo haiko karakana tu. Iko madukani Busia, iko penye vinu, iko kila mahali palipo na jenereta.

Transfoma iliyo juu ya nguzo hupunguza volti 11,000 za waya mkubwa zikawa 240 za nyumbani. Watu wengi hawajui kuwa inaweza kufanya kazi kinyume. Mtu akiwasha jenereta yake huku nyumba ingali imeungwa na waya wa nje, volti 240 zake hupanda katika transfoma zikageuka 11,000, nazo hutoka barabarani. Fundi aliye juu ya nguzo, ajuaye kwamba umeme umekatwa, huuawa na jenereta ya mtu asiyemwona. Kinga yake ni swichi ya kubadilishia, iliyoundwa hivi kwamba ikifungua upande wa jenereta hufunga upande wa nje. Ni akili ile ile ya ufunguo mmoja.

MAJIRANI WA RELI

Mwisho, karakana ina majirani. Watoto hupenda kupanda juu ya mabehewa yaliyosimama, na mabehewa ya mafuta yana ngazi inayowakaribisha. Katika reli ya dizeli isiyo na waya, mchezo huo ni wa kuvunjika mguu. Chini ya waya wa volti 25,000 ni mauti. Mzee mwenye mabomba marefu ya chuma au fito juu ya pikipiki, mvuvi wa Sio Port na upondo wake, wote wanapofika penye njia ya kuvuka reli ya umeme yawapasa kulaza vitu hivyo chini, wasivisimamishe.

Mtu akipatwa na umeme, asishikwe kwa mikono. Kama ni umeme wa nyumbani, swichi kuu izimwe kwanza. Kama ni waya wa reli, watu wakae mbali, wawaite wenye reli, wala wasimkaribie mpaka waambiwe kuwa waya umekatwa na kuunganishwa na ardhi. Baada ya hapo, kama hapumui, asaidiwe kupumua na kifua chake kibonyezwe bila kuchelewa, huku msaada wa hospitali ukitafutwa. Wengi walioonekana wamekufa walirudishiwa uhai hivyo.

Yuko mtu ambaye fyuzi yake ikikatika hutia msumari au waya wa chuma mahali pake, taa ikawaka, naye akafurahi. Huyo hakutengeneza kitu. Amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango. Na kijana wa Nangina au wa Malaba aliyezoea kazi ya namna hiyo nyumbani ataipeleka na karakanani. Kinyume chake, kijana ajifunzaye leo kukata, kufunga, kupima, kuunganisha na kuzungushia, huyo ndiye fundi atakayehitajiwa siku magari ya umeme yatakapofika mpakani.

Wazee walisema ajali haina kinga, na kwa mambo mengi ya dunia walisema kweli. Lakini ajali ya umeme katika karakana ina kinga. Inachorwa kwenye karatasi, inachimbiwa ardhini, inafungwa kwa kufuli, na ufunguo wake ni mmoja. Kazi ya reli haikuisha na fundi kupanda juu ya paa. Imeisha aliposhuka, akachukua kufuli lake, akaenda kwa watoto wake. Kawia ufike.